Nyasi za Kilimani na Jukwaa la Saruji: Historia ya Kutazama Mchezo Busia na Tororo

Utangulizi

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alituuliza swali lililotufanya tufunge kitabu kwa muda. Alikuwa akitafsiri habari ya michezo kutoka gazeti la Kiingereza. Habari yenyewe ilihusu ligi ya raga huko Australia, na ndani yake mashabiki walikuwa wakibishana: je, ni bora kutazama mchezo ukiwa umeketi kwenye kilima cha nyasi kando ya uwanja, au ukiwa kwenye jukwaa lenye viti na paa? Mwanafunzi huyo, ambaye kwao ni Busia, alisema: "Mwalimu, nyumbani kwetu pale kwenye nyasi hapana jina. Penye jukwaa pana jina, lakini mimi nimefundishwa kwamba jukwaa ni mahali pa anayetazamwa. Sasa uwanjani, nani anamtazama nani?"

Siku ile tulimjibu kwa kifupi kwa sababu kipindi kilikuwa kimekwisha. Makala haya ni jibu refu zaidi. Tunakusudia kuonyesha kwamba katika mji wa mpakani wa Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na katika mji jirani wa Tororo, nyasi na jukwaa havikuingia uwanjani kwa njia moja. Nyasi zilikuwepo tangu mchezo ulipoanza. Jukwaa liliingia pamoja na sherehe za serikali. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua hadi leo nani akae wapi, na tunahofia kwamba isipoangaliwa itaamua pia kama baadhi ya viwanja vyetu vitabaki kuwa viwanja.

Maneno mawili yaliyopishana

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Katika Kiswahili, jukwaa ni mahali palipoinuliwa ambapo mtu husimama ili wengine wamwone na wamsikie. Mwigizaji hupanda jukwaani. Mwanasiasa huhutubia akiwa jukwaani. Tunapofundisha fasihi tunasema kwamba tamthilia huandikwa ili ichezwe jukwaani. Kwa hiyo maana ya msingi ni mahali pa anayetazamwa. Lakini ukiingia katika uwanja wa mpira neno hilo hilo linageuka. Aliye jukwaani ndiye mtazamaji, na anayetazamwa yuko chini kwenye majani.

Neno ulingo limepita njia iliyo kinyume. Kamusi zetu zinaeleza kwamba ulingo ni jukwaa la miti linalojengwa shambani ili mlinzi akae juu yake na kufukuza ndege na wanyama waharibifu. Wengine huliita dungu. Anayekaa huko juu ni mtu wa kutazama. Leo ukitaja ulingo, wengi watafikiria ndondi, au watasema ulingo wa siasa, yaani mahali pa wanaotazamwa. Ulingo umetoka kwa mtazamaji ukaenda kwa mtazamwa. Jukwaa limetoka kwa mtazamwa likaenda kwa mtazamaji.

Je, jukwaa la uwanjani limeisahau kabisa maana yake ya kwanza? Hapana. Mgeni rasmi akiketi kwenye jukwaa kuu, watu wa upande wa pili humwangalia: amevaa nini, amekuja na nani, amepiga makofi bao lilipofungwa au yuko kwenye simu. Aliye jukwaani anatazama na papo hapo anatazamwa. Tutaona hapa chini kwamba hilo halikutokea kwa bahati.

Kuhusu mahali pa watu wa kawaida, Kiswahili kina majina, ila yanatofautiana kutoka nchi hadi nchi. Tanzania wanasema mzunguko, yaani sehemu ya kiingilio cha chini inayouzunguka uwanja. Nairobi mashabiki wa miaka ya nyuma waliipa sehemu yao katika uwanja wa City jina la Russia. Busia na Tororo, kama mwanafunzi wetu alivyosema, mtu ataelekeza tu: kwenye nyasi, pale juu, upande wa miembe.

Mpaka na mpira

Kabla ya mwaka 1902 sehemu zote mbili za Busia zilikuwa ndani ya himaya moja ya Uganda, ambayo upande wa mashariki ilienea hadi karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Mstari mpya uliwagawa Wasamia na Wateso. Shangazi akabaki upande mmoja na mpwa upande wa pili, na mashamba yakaendelea kulimwa kama kawaida.

Mpira wa miguu ulifika Uganda mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na wamisionari, na kutoka Mengo ukasambaa kupitia shule. Reli nayo ilisaidia. Njia iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret na Tororo iliunganishwa na reli ya Busoga mwaka 1928, ikafika Kampala mwaka 1931. Tororo ukawa mji wa stesheni, na baadaye mji wa kiwanda. Mwaka 1926 timu za Kenya na Uganda zilikuwa tayari zimeanza kushindania Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na watengenezaji wa sabuni, ambalo ndilo mzazi wa mashindano ya leo ya CECAFA. Hivyo mechi kati ya watu wa pande mbili za mpaka huu ina umri wa karibu karne moja.

Uwanja wenyewe ulikuwaje? Mara nyingi ulikuwa uwanja wa shule au wa misheni: majani yaliyokatwa kwa fyekeo, magoli ya miti, na mstari uliochorwa kwa chokaa au majivu. Hakuna aliyepanga mahali pa watazamaji. Watu walitafuta wenyewe. Eneo hili lina miteremko midogo badala ya vilima vikubwa, na lina vichuguu vingi. Anayeijua nchi ya Wateso na Wasamia anajua kwamba kichuguu kikubwa kinaweza kubeba watoto kumi, na aliye juu yake huona goli zote mbili. Kwa hiyo tunapotaja kilima cha nyasi huku kwetu, tunataja mteremko, kichuguu, kivuli cha mwembe na ukingo wa mtaro.

Baiskeli nayo ilikuwa kiti. Mpaka huu ndio ulioipa Afrika Mashariki neno bodaboda, kutokana na waendesha baiskeli waliowavusha watu katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, Busia na Malaba, wakiita "boda, boda" kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza. Baiskeli hizo zilikuwa na mto nyuma wa kumkalisha abiria. Siku ya mechi mto ule ule ulimkalisha mwenye baiskeli mwenyewe, akiwa ameiegemeza kwenye mti.

Tusidhani kwamba nyasi hazikuwa na utaratibu. Wazee walikuja na vigoda na kupewa nafasi nzuri bila kuiomba. Watoto walikaa mbele kabisa, karibu na mstari, wakifukuzwa na kurudi. Wauzaji wa njugu na miwa walizunguka nyuma. Waliotaka kumtukana mwamuzi walijua pa kukaa ili maneno yao yasiwafikie wakwe zao. Lakini utaratibu huo uliwekwa na watu wenyewe, na haukumuuliza mtu ametoka upande gani wa mpaka.

Jukwaa laja na sherehe

Tororo kuna uwanja wa zamani unaojulikana kwa jina la King George. Jina hilo ni somo la historia peke yake. Mara kwa mara huandikwa King George wa Nne. Sasa, George wa Nne wa Uingereza alifariki mwaka 1830, miaka 64 kabla ya Uganda kutangazwa kuwa himaya ya Waingereza mwaka 1894. Wafalme wa jina hilo waliotawala wakati Uganda iko chini ya Uingereza ni wawili tu: George wa Tano, kuanzia 1910 hadi 1936, na George wa Sita, kuanzia Desemba 1936 hadi 1952. Namba imepotea katika vinywa vya watu, lakini ujumbe umebaki, kwamba uwanja ulipewa jina kwa heshima ya mtawala.

Kampala mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Uwanja wa Nakivubo ulianza mwaka 1926 katika ardhi iliyotolewa na Kabaka Daudi Chwa. Mwaka 1954 ulijengwa upya kuwa kumbukumbu ya askari wa Uganda waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia. Saruji na ngazi viliingia pale kwa heshima ya marehemu na mbele ya wakubwa wa serikali. Wachezaji walifaidika, lakini sababu ya ujenzi haikuwa wao.

Baada ya uhuru, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963, desturi hiyo haikukoma. Uwanja wa wilaya ukawa mahali pa gwaride, hotuba na ngoma za shule. Siku hizo ndizo zilizohitaji jukwaa. Mechi ya Jumamosi ingeweza kuchezwa bila jukwaa lolote, lakini sherehe ya uhuru haikuweza kufanyika huku mkuu wa wilaya ameketi kwenye majani.

Tazama hata upande ambao jukwaa kuu huwekwa. Kwa kawaida ya ujenzi wa viwanja, jukwaa kuu hukaa magharibi, ili jua la alasiri liwe kisogoni mwa walioketi. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mechi zetu huanza saa kumi. Anayekaa kwenye nyasi za upande wa mashariki hupigwa na jua usoni kipindi chote cha kwanza, na cha pili pia. Anaona mpira kwa kukinga jicho kwa kiganja. Lakini anawaona vizuri walio jukwaani. Hapo swali la mwanafunzi wetu lina jibu la kwanza: jukwaa la uwanja wa wilaya liliwekwa ili wakubwa watazame bila kuumia, na watazamwe vizuri wakiwa hapo.

Desturi hii imeendelea katika karne hii. Tangu mwaka 2016 Kenya imekuwa ikizungusha sherehe za kitaifa katika miji iliyo nje ya Nairobi, na kila mji uliopewa zamu umejenga au kukarabati uwanja wake kwa haraka. Katika ukanda wetu wa magharibi, uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega ulipokea Siku ya Mashujaa ya 2018. Uwanja wa Mamboleo mjini Kisumu ulipokea Siku ya Madaraka ya 2021. Na uwanja wa Masinde Muliro huko Kanduyi, Bungoma, ulipokea Siku ya Madaraka ya 2024. Hatulaumu ujenzi huo. Vijana wanacheza humo leo. Tunachosema ni kwamba tarehe ya kumaliza kazi ilipangwa na kalenda ya serikali, na kalenda ya ligi ikafuata.

Kuna jambo jingine linaloifanya Tororo kuwa mfano wa pekee. Mji huu umekuwa ukitengeneza saruji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mifuko ya saruji ya Tororo imepita Busia na Malaba kwa miaka mingi, na imejenga nyumba, madaraja na maghorofa pande zote. Hata hivyo watu wa mji huo huo wameendelea kutazama mpira wakiwa wameketi chini, huku Mwamba wa Tororo ukiwatazama kutoka juu. Saruji haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: mtazamaji wa kawaida anahitaji nini?

Kilima katika nchi za ligi ya raga

Sasa tuangalie kule ambako mjadala wa kilima na jukwaa umekuwa mkali zaidi. Kwetu raga inayojulikana ni ya wachezaji 15 na ile ya wachezaji saba. Timu za taifa za Kenya na Uganda hushindania Kombe la Elgon, lililopewa jina la mlima ambao huonekana kutoka Tororo hali ya hewa ikiwa safi. Ligi ya raga ni mchezo mwingine, wa wachezaji 13. Ulianza tarehe 29 Agosti 1895 mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale vilabu vya miji ya viwanda vilipojitenga kwa sababu vilitaka kuwalipa wachezaji wao fidia ya mshahara walioukosa walipoacha kazi kwenda kucheza. Ulikuwa mchezo wa wafanyakazi, na uliishi kwa viingilio vidogo vya watu wengi.

Watu wengi wakaaje kwa gharama ndogo? Wakati huo majukwaa mengi yalikuwa ya mbao. Tarehe 5 Aprili 1902, mwaka ule ule mpaka wetu ulipohamishwa, sehemu ya jukwaa la mbao katika uwanja wa Ibrox mjini Glasgow ilivunjika wakati wa mechi ya mpira wa miguu kati ya Uskoti na Uingereza, na watu 25 wakafa. Baada ya hapo wajenzi wengi waligeukia tuta la udongo: unarundika udongo na takataka za viwandani, unashindilia, unachonga ngazi. Tuta haliwezi kuvunjika chini ya miguu ya watu.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Odsal, mjini Bradford. Ni shimo lililojazwa taka pembeni na kugeuzwa uwanja wa ligi ya raga mwaka 1934. Tarehe 5 Mei 1954, katika mechi ya marudiano ya fainali ya kombe kati ya Warrington na Halifax, watu 102,569 walihesabiwa langoni. Wengi wao walikuwa wamesimama kwenye miteremko. Miaka 31 baadaye, katika mji huo huo wa Bradford, jukwaa la mbao la uwanja wa mpira wa miguu wa Valley Parade liliwaka moto tarehe 11 Mei 1985, na watu 56 wakafa.

Australia nako, uwanja wa kriketi wa Sydney ulikuwa na mteremko maarufu wa nyasi ulioitwa Kilima, bila jina la ziada. Fainali za ligi ya raga zilichezwa hapo hadi 1987. Mwaka 1965 watu 78,056 walihudhuria fainali kati ya St George na South Sydney, na wengine wakapanda juu ya mapaa ya majukwaa. Kilima hicho kilikuwa na mtu wake mashuhuri, Stephen Gascoigne, muuza sungura aliyeitwa Yabba, ambaye kelele zake kwa wachezaji wa kriketi zilisikika uwanja mzima. Alifariki 1942. Kilima kilipunguzwa miaka ya 1980, na mwaka 2008 jukwaa jipya likakamilishwa mahali pake. Ndani ya jukwaa hilo iliwekwa sanamu ya Yabba. Waliondoa mahali alipokuwa akikaa, wakamhifadhi yeye kwa shaba.

Lakini si viwanja vyote vilivyofanya hivyo. Leichhardt na Brookvale, katika mji huo huo wa Sydney, vimeendelea kuwa na kilima cha nyasi upande mmoja na jukwaa upande wa pili. Kilima chao kimo ndani ya uzio, kinalipiwa, na familia hukifuata kwa makusudi kwa kuwa watoto wanaweza kukimbia bila kukanyaga miguu ya watu. Kwa hiyo kuwa na kilima si dalili ya umaskini wa nchi. Ni uamuzi.

Hoja za upande wa jukwaa

Tungekuwa tunawadanganya wanafunzi wetu kama tungesifu nyasi tu. Busia hupata mvua nyingi, hasa Aprili na Mei. Mvua ikinyesha saa kumi na moja, mteremko unakuwa utelezi na mechi inabaki na watazamaji walio chini ya miti, mahali pabaya kuliko pote wakati wa radi. Mzee mwenye maumivu ya magoti hawezi kukaa chini dakika 90. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kupanda kichuguu. Mama mjamzito anahitaji pa kuegemea, na kila mtu anahitaji choo. Nyasi zilizojipanga zenyewe hazikuwahi kuwafikiria watu hao.

Pili kuna mapato. Timu kama Busia Fisheries ya upande wa Uganda zinahitaji nauli, jezi na posho. Uwanja usio na uzio hauna kiingilio cha kweli. Anayekusanya pesa hubaki kuwabembeleza watu. Jukwaa huleta lango, na lango huleta mapato.

Tatu kuna usalama, na hapa tuwe waangalifu. Watu 97 walikufa kutokana na msongamano wa Hillsborough, mjini Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989. Ripoti iliyofuata mwaka 1990 ilivilazimisha viwanja vikubwa vya mpira wa miguu vya Uingereza kuweka viti vya kila mtu. Wengi hudhani kosa lilikuwa kusimama. Watu wale walibanwa ndani ya vizimba vya vyuma walimoingizwa kupitia njia moja, na usimamizi wa umati ulishindwa. Huku kwetu, tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa katika msukumano kwenye uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Msukumano ulikuwa wa kuingia. Fundisho tunalolipata ni kwamba watu huuawa na lango jembamba na usimamizi mbovu, wawe wanaelekea kwenye kiti au kwenye nyasi. Kilima kikizungushiwa ukuta wenye mlango mmoja kitakuwa mtego ule ule.

Nyasi hazina hati

Hoja ya nne ndiyo inayotuhangaisha zaidi. Uwanja wa nyasi, kwenye ramani, ni ardhi tupu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u iliyotolewa Kenya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ya kila aina ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mahali pasipo na jengo ni rahisi kusemwa kwamba hapana mwenyewe. Jukwaa la saruji, hata bovu, ni shahidi. Mteremko ambao vizazi vinne vimeukalia hauna shahidi ila kumbukumbu za watu, na wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Wala saruji peke yake haitoshi kuwa kinga. Uwanja wa Nakivubo, wenye majukwaa ya 1954 na jina la mashujaa, ulibomolewa mwaka 2017 na kujengwa upya na mwekezaji binafsi, ukafunguliwa tena Aprili 2024 ukiwa umezungukwa na maduka. Wapo wanaousifu kwa sura yake mpya, na wapo wanaouliza mtu wa kiingilio kidogo amebakiwa na nafasi gani. Maswali hayo mawili yote ni halali.

Huku mpakani mamlaka ya kuamua yamesogea karibu na wananchi. Upande wa Uganda, Busia imekuwa wilaya kamili tangu ilipotengwa na Tororo mwaka 1997. Upande wa Kenya, Katiba ya 2010 iliwapa magavana na mabaraza ya kaunti shughuli na vifaa vya michezo, nao walianza kazi mwaka 2013. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa rasmi Busia na marais wa nchi zote mbili tarehe 24 Februari 2018, na safari ya kuvuka imekuwa fupi. Aidha Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mwaka 2023 haki ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mashindano hayo hayatachezwa Busia wala Tororo. Lakini hamu ya kujenga imeenea, na michoro ya viwanja inapoanza kuchorwa katika ofisi za wilaya na kaunti, kitu cha kwanza kuonekana kwenye mchoro huwa jukwaa kuu. Cha kwanza kufutwa huwa mteremko, kwa sababu hauna jina.

Hitimisho

Tumeona kwamba nyasi na jukwaa si hatua ya chini na hatua ya juu ya maendeleo. Ni majibu ya maswali mawili tofauti. Jukwaa lilijibu swali la mgeni rasmi akae wapi. Nyasi zilijibu swali la watu wote wakae wapi. Uwanja mzuri wa Busia au Tororo unahitaji majibu yote mawili: jukwaa lenye paa ambalo viti vyake vya kwanza ni vya wazee, wagonjwa na walemavu, hata siku ambayo hakuna mgeni rasmi, na mteremko wa nyasi ulioandikwa kwenye ramani kuwa mahali pa kukaa, wenye ngazi, mtaro wa maji, miti upande wa jua na milango mipana zaidi ya mmoja. Gharama ya kushindilia udongo ni ndogo kuliko ya kumwaga zege, na kazi hiyo vijana wa mahali hapo wanaiweza.

Sisi walimu wa Kiswahili hatujengi viwanja. Hata hivyo tunaweza kufanya kazi moja iliyo yetu. Kitu kisicho na jina ni rahisi kusahauliwa katika mkutano na katika mkataba. Kama Watanzania wana mzunguko, mpaka huu nao ustahili neno lake, na neno hilo huenda tayari linatumika kijijini kwa Kisamia, Kiteso au Kidhopadhola likingoja mtu wa kulileta darasani.

Kwa hiyo tunawapa wanafunzi wetu zoezi la likizo. Kila mmoja aende kwenye uwanja wa karibu na kwao, awaulize watu watatu wa rika tofauti maswali haya: mahali wanapokaa watazamaji wasio na kiti panaitwaje, nani hukaa hapo, na uwanja huo ni mali ya nani. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili sanifu katika ukurasa mmoja, pamoja na neno la asili kama lilivyotamkwa, na yaletwe ofisini kwa idara wiki ya kwanza ya muhula. Walimu wa shule za sekondari wanaosoma jarida hili wanakaribishwa kufanya zoezi hilo hilo na wanafunzi wao. Mwanafunzi aliyeuliza swali la kwanza amekubali kuyapanga majibu hayo, na tutayachapisha katika toleo lijalo.